Njia Aliyompimia Eliudi

Kila asubuhi, kabla jua halijashika vilele, Gwantwa alifagia uwanja wa kwao kuanzia mlangoni kuelekea kwenye migomba, akirudi kinyumenyume asije akakanyaga alipokwisha kufagia. Ndivyo marehemu mama yake alivyomfundisha. Akimaliza huchochea moto, huchemsha chai, humpelekea baba yake kikombe na kipande cha gimbi, na Mzee Mbonile hupokea bila kuondoa sikio kwenye redio. Ungeweza kurekebisha saa yako kwa ufagio wa Gwantwa.

Jumamosi ile hakufika kwenye migomba.

"Gwantwa! We Gwantwa!"

Alikuwa Ikupa, binti wa baba yake mdogo, anateremka kutoka mashamba ya juu na jembe begani, kanga imelowa umande hadi magotini.

"Punguza sauti, dada. Baba yuko ndani."

"Nipunguze nini? Watu wako wamefika magofuni! Ukungu umefunuka kidogo, nikaona moshi kwenye kuta za kanisa."

Moyo wa Gwantwa uliruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba. Magofu ya misheni ya kale yalikuwa ng'ambo ya Mto Mwelusi, mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapo. Wamelala pale pale alipowaandikia walale! Kabla ya saa nne watakuwa uwanjani, na saa sita, saa ile aliyokuwa akiiogopa mwezi mzima, itakuta mambo yamekwisha.

"Asante Mungu," alinong'ona. "Asante."

"Usishukuru kwanza. Nimesikia na kengele."

"Kengele gani, Ikupa? Kanisa lile hata paa halina."

"Kengele za ng'ombe, mdogo wangu. Wengi."

Ufagio ulimponyoka Gwantwa. Hakuuokota. Alipita kwenye uwanja aliokwisha kuufagia, akaukanyaga kanyaga, akashika njia ya mlimani mbio, na nyuma yake akasikia sauti ya shangazi Jenista ikitoka jikoni: "Huyo anakwenda wapi na wageni wanakuja? Gwantwa! Nani atakuna nazi?"

*

Mwezi mmoja nyuma Mzee Mbonile alikuwa amesema neno lake, na neno la Mzee Mbonile lilikuwa kama jiwe la kusagia: likishawekwa mahali, halihamishwi na mtu mmoja.

"Mimi sina ugomvi na huyo Eliudi anayemtaka mwanangu," alisema. "Nina ugomvi na miguu yake. Watu wa ng'ombe ni watu wa kuhama. Leo wako Momba, majani yakiisha wako Rukwa, yakiisha huko Mungu ndiye anajua. Mimi nitamtembelea wapi mwanangu? Kaburi la mama yake liko hapa." Kisha akanyoosha kidole kuelekea uwanjani. "Wazee wake wakikanyaga hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi kabla ya saa sita, nitawasikiliza. Saa sita ikipita, nampokea Jairo."

Jairo alikuwa na duka la jumla Tunduma na lingine Isongole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tabia ya kumwita Gwantwa "mwalimu wangu" na kumletea vitenge vya ng'ambo ya mpaka, na kila alipocheka, Gwantwa alijikuta akitazama mlango.

Eliudi hakuwa na duka. Walikutana chuo cha ualimu, yeye akisomea hesabu, Gwantwa jiografia, na walipomaliza kijana alirudi kufundisha tambarare ya Momba, karibu na mji wa baba yake, Mzee Makene, Msukuma aliyehamia huko na mifugo yake miaka ya themanini. Wiki tatu zilizopita, katika semina ya walimu pale Vwawa, walikaa kwenye kihoteli cha chai na Gwantwa akafungua karatasi mezani.

"Masika haya usitegemee gari la mtu," alimwambia, kichwa ameinamisha, maana akimtazama Eliudi usoni maneno yalimpotea. "Barabara ya kutoka Mpemba kuja kwetu inakatika mvua ikisema neno moja tu. Nimekuchorea njia ya mguu."

"Ee, mwalimu wa jiografia! Hii ni njia au ni mtihani?"

"Usicheke. Nimeipima mwenyewe wakati wa likizo. Watu wanapotea muda kwa sababu wanashuka kila bonde na kupanda tena. Wewe panda mara moja tu, hapa, kisha shika mgongo wa mlima. Usishuke. Ukifika penye miti mitatu ya mibula, kunja kushoto. Ijumaa jioni utakuwa magofuni. Kuna kisima cha mawe, hakikauki, na upande wa madhabahu ukuta bado unakinga upepo. Mlale pale. Asubuhi mnavuka Mwelusi kwenye magogo, saa moja na nusu, mko kwetu."

Eliudi aliacha kucheka. Alipitisha kidole polepole juu ya mstari wa penseli, kutoka Mpemba hadi kwenye kijumba kidogo alichokichora Gwantwa pembeni mwa karatasi, na mlangoni mwa kijumba kulikuwa na kitu kama ufagio.

"Huyu ni wewe?"

"Nimechora nyumba tu."

"Nyumba ina ufagio."

Gwantwa aliona haya hadi masikioni. Alitaka kumwambia, Ndiyo, ni mimi, nitakuwa nimesimama pale nikikungoja. Badala yake alisema, "Chai yako inapoa."

*

Sasa alikuwa akipanda njia ile ile aliyoipima, kandambili zikinata, matope yakipanda magotini, na kila hatua kichwani anapiga hesabu. Kila kitu alikuwa amekiuliza na kukiandika. Maji. Kuni. Mahali pa kulala. Saa za mtu mzima asiye kijana. Aliuliza hata magoti ya Mzee Makene yakoje. Jambo moja hakuliuliza, kwa sababu kwao mlimani siku ya kwanza ya posa watu huja na jembe jipya na maneno mazuri, basi. Ng'ombe ni habari ya baadaye. Hakuwahi kufikiri kama kuna mtu duniani anayeweza kwenda kuposa akiwaswaga ng'ombe.

Aliusikia Mwelusi kabla hajauona. Mvua ya usiku ilikuwa imeujaza. Ulikuwa ukinguruma baina ya mawe, rangi ya chai ya maziwa. Juu yake yalilala magogo mawili yaliyochongwa bapa, kila moja upana wa mguu. Ndicho kivuko. Mbuzi aliyezoea huvuka. Ng'ombe hajawahi.

Ng'ambo, chini ya kuta nyeusi za kanisa, walisimama ng'ombe sita, wanene, wanang'aa, shingoni kengele. Mzee mrefu mwenye koti zito jeusi aliegemea fimbo. Na kwenye ukingo kabisa, suruali imekunjwa, alikuwa Eliudi.

Alipomwona hakupunga mkono. Alisimama tu akimtazama, na hata kwa umbali ule Gwantwa aliyaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeukaza uso mbele ya watu sasa amemwona wa kumlilia. Kisha akapanda juu ya gogo. Gwantwa akapanda la pili. Walikutana katikati, kila mmoja juu ya gogo lake, maji yakipita chini yao kwa kishindo, wakashikana mikono wasianguke. Ilikuwa mara ya kwanza kushikana mikono tangu Vwawa.

"Una baridi," Eliudi alisema karibu na sikio lake.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu ng'ombe?"

"Nikuambie nini, Gwantwa? Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba baba yako anatuita watu wa kuhama. Nilimsomea baba barua. Akakaa kimya siku mbili. Ya tatu akasema, 'Basi nitampelekea ng'ombe walale zizini kwake. Mtu haachi ng'ombe zake mahali halafu akahama.' Kwetu, ng'ombe zako walipo, hapo ni kwako. Anataka baba yako aamke asubuhi awaone, ajue sisi tumeshaota mizizi kwake. Ningemkatazaje neno kama hilo?"

Gwantwa aligeuza macho akamtazama yule mzee aliyetembea siku tano kutoka Momba kwenye mvua ili kujibu tusi kwa heshima.

"Lakini niliandika magogo. Niliandika, Eliudi!"

"Nilisoma. Nikadhani magogo ni ya watu na ng'ombe watapita pembeni, majini. Kwetu mto ni mchanga, ng'ombe haulizi daraja. Tumejaribu alfajiri na mtamba mmoja. Kidogo tu tumpoteze. Tazama mguu wake."

Mtamba mwekundu alisimama ameinua mguu mmoja, damu imekauka kwenye kwato.

"Ngoja," Gwantwa alisema haraka, macho yakimcheza kama ana ramani hewani. "Ngoja nifikiri. Kuna kivuko cha chini, bonde la pili, pana mchanga. Mkirudi hadi mibulani, mteremke... mwendo wa saa tatu kushuka. Mbili kupanda upande wetu." Aliacha. "Mtafika saa nane."

"Na barabarani?"

"Mlima umemomonyoka tangu Jumatatu. Itapitika kesho, labda keshokutwa."

"Basi."

"Usiseme basi! Mwachie mzee ng'ombe, uje wewe peke yako. Nitakuongoza, tutakimbia."

"Nije peke yangu kama mwizi? Baba yako alisema wazee. Nikitokea mimi mwenyewe na matope haya, Jairo amekaa kwenye kiti amevaa suti, si watanicheka hadi Itumba mjini wasikie?"

"Basi aje mzee, wewe ubaki na ng'ombe!"

"Mwombe wewe."

Hakuwa na haja ya kumwomba. Kutoka ukingoni mzee alipaza sauti iliyozoea kuita mifugo nyikani, akimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu!"

"Shikamoo, baba," Gwantwa alijibu, lakini sauti yake haikuvuka hata nusu ya maji. Darasani kwake watoto wa dawati la nyuma walikuwa na wimbo wao: Mwalimu, hatusikii.

"Anasemaje?" mzee alimuuliza mwanawe.

"Anasema hakuna njia ya ng'ombe, baba! Anakuomba uvuke wewe, ng'ombe wabaki!"

"Nivuke mikono mitupu? Halafu nimwambie nini yule mzee, kwamba ng'ombe nimewaacha wanahamahama mlimani?" Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kama cha mtu anayekohoa. "Sikuuliza habari ya njia. Karatasi ya njia nimeisomewa mpaka nimeikariri. Muulize binti mwenyewe anasemaje!"

Eliudi alimgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Umesikia swali," alisema. "Na mimi nina langu, nimelibeba tangu Mpemba. Siku baba yako aliposema habari ya saa sita, alikuuliza wewe unamtaka nani. Ikupa alinisimulia. Ulimjibu nini?"

Gwantwa alitazama maji.

"Gwantwa. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia... atakavyoona yeye."

"Atakavyoona yeye," Eliudi alirudia polepole. "Mzee wa miaka sitini na nane anapanda milima yenu na ng'ombe sita, mimi nimebeba maneno yako mgongoni kama ndama, barua juu ya barua, kumbe kule nyumbani wewe umesema atakavyoona yeye."

"Niliogopa."

"Sote tunaogopa!"

"Wewe hujui! Mama alipokufa baba alikaa mwaka mzima hasemi. Anasema na mimi tu, asubuhi, wakati wa chai. Nikimwambia nataka kwenda mbali, kile kikombe nani atampelekea? Ndiyo maana nikakuchorea njia. Nilijua ukifika wewe, mtasema nyinyi wanaume, na mimi..."

"Na wewe utakuna nazi jikoni, usikie imeamuliwaje."

Alimwachia mkono mmoja. Si kwa hasira. Aliuachia kama mtu anayeweka chini mzigo ili avute pumzi. Gwantwa aliyumba, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi magogo yalivyo membamba, na jinsi alivyo peke yake juu ya lake. Machozi yalimtoka bila sauti, kama yalivyomtoka siku zote.

Hesabu zote zile! Mara ngapi upande, mara ngapi ushuke, wapi pana maji, wapi ukuta unakinga upepo. Alikuwa amempimia mtu safari ya siku mbili juu ya mgongo wa mlima, ili yeye asitembee hatua kumi na mbili kutoka jikoni hadi sebuleni kwa baba yake. Kumbe njia fupi kuliko zote alikuwa hajaichora.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Eliudi alitazama saa yake. "Saa tatu na dakika kumi. Kwa nini?"

"Nikikimbia, saa nne na nusu."

"Gwantwa, unakwenda wapi?"

"Mwambie mzee asiondoe ng'ombe. Mwambie mtamba aoshwe mguu kwa maji ya kisima, si ya mto. Mkae magofuni."

"Tukae tukingoja nini?"

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, jepesi, moja tu, na bado lilikataa. Alimtazama Eliudi kwa macho yaliyojaa, akaligusa shavu lake lililochakaa kwa safari, upesi, kama anayegusa sufuria ya moto. Kisha akageuka juu ya gogo na kukimbia.

"Gwantwa!" Eliudi aliita nyuma yake, na sauti yake ikavunjika. "Usipoweza leo, usinichoree njia nyingine!"

*

Alianguka mara mbili. Mara ya pili kandambili moja ilibaki kwenye matope, akaiacha. Njiani jua lilitoka, na yeye akaliona kama adui. Alijaribu kupanga atakachosema kama alivyokuwa akipanga andalio la somo, utangulizi kwanza, kisha hatua moja baada ya nyingine, lakini alipofika kwenye migomba hakubakiwa na hata neno.

Uwanjani, juu ya alama za ufagio wake wa asubuhi, kulikuwa na nyayo za viatu vya kung'arishwa.

"Mungu wangu, tazama ulivyo!" Shangazi Jenista alimdaka mlangoni. "Wageni wameingia saa nzima! Jairo na wajomba zake. Baba yako anauliza mtoto yuko wapi, nimesema anaoga. Haya, nyuma, kaoge kweli, nimekuwekea kitenge..."

"Saa sita imefika, shangazi?"

"Bado, lakini nani mwingine anakuja? Mtoto, usiingie hivyo! Utamwaibisha baba yako!"

Lakini baba yake alikwisha kumwona. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Mzee Mbonile alikaa kwenye kiti chake, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote, kikombe cha chai mbele yake kimejaa na kimepoa. Hakuna aliyekinywa. Jairo, ndani ya suti ya kijivu, aliinuka nusu, akatabasamu, kisha akaona miguu ya Gwantwa, mmoja una kandambili na mwingine mtupu, na tabasamu likakosa pa kukaa.

"Mwalimu wangu," alisema. "Umepatwa na nini?"

Mzee Mbonile aliinua mkono, wote wakanyamaza. Alimtazama bintiye muda mrefu, kuanzia matope hadi macho.

"Ni vizuri umekuja," alisema taratibu. "Desturi inataka uulizwe mbele ya wageni. Hawa wameleta jembe. Nilipokuuliza kwanza, ulinijibu nitakavyoona mimi, nami nimeona. Lakini mtu huulizwa mara mbili. Tulipokee jembe hili?"

Gwantwa alisema kitu.

"Hatusikii," alisema mjomba mmoja wa Jairo.

Mzee Mbonile hakuondoa macho kwake. Vidole vyake vilikuwa vimeking'ang'ania kikombe kilichopoa, na Gwantwa akajua kwamba baba naye, muda wote huu, alikuwa akiogopa jibu.

"Sema, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata kama linaniuma. Sema wazee wasikie."

Alishika fremu ya mlango. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuita ng'ambo ya mto.

"Nimesema tusilipokee, baba! Namtaka Eliudi. Amefika tangu jana, yuko magofuni na baba yake na ng'ombe sita wa kulala zizini kwako, ili ujue hawahami. Hawakuchelewa wao. Nimekosea mimi kuwapimia njia, na nimekosea zaidi siku uliyoniuliza, maana nilikuwa na jibu nikalimeza. Nampenda, baba. Chai yako nitakuletea hata nikiwa Momba, nitaipanda milima hii kwa miguu yangu, njia ninaijua. Lakini nampenda, na nilitaka ulisikie kwangu."